Rafu za stoo na kabati la nguo katika nyumba yetu mpya Tanga

Usiku wa tatu tangu tuhamie katika nyumba yetu hapa Tanga, rafu ya juu ya stoo iling'oka ukutani na kumwaga sakafuni kila kitu nilichokuwa nimekipanga jioni ile kwa furaha ya mtu aliyeishi nyumba za kupanga kwa miaka kumi na mmoja. Dumu la mafuta la lita 5 lilipasuka kifuniko, mafuta yakachanganyika na kiroba cha sembe, na katikati ya tope lile zikatapakaa chembe za chupa ya asali ambayo wazazi wangu walinifungashia nilipoondoka Njombe. Tulizoa mpaka karibu na alfajiri. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alinishika bega akasema, "Pole mwanangu. Unga utanunuliwa, hiyo rafu ndiyo ya kuulizwa."

Kulipokucha niliiuliza. Niliokota misumari minne iliyokuwa imeshikilia papi ya upande wa kushoto, yaani kile kipande cha mbao cha ukutani kinachobeba ncha ya rafu, nikaiweka misumari hiyo kiganjani na kuitazama vizuri. Ilikuwa misumari ya zege ya inchi 2, mizima, haikupinda wala kukatika, na kwenye ncha zake kulikuwa na vumbi jeupe la lipu, basi. Inchi 2 ni kama sentimita 5. Toa unene wa papi, ambao ni sentimita 2.5, kisha toa lipu ya ukuta wetu, ambayo ni sentimita 2, utaona kwamba kilichoingia ndani ya tofali ni nusu sentimita tu. Rafu nzima ilikuwa imening'inia kwenye lipu, na lipu kazi yake ni kuupa ukuta uso, haikuwekwa ili ibebe mzigo. Ubao wenyewe ulikuwa na urefu wa sentimita 180 na unene wa inchi 1, ukiwa umeegemea ncha mbili pekee bila kitu cha kuushikilia katikati. Nilivipima kwenye mizani vile vilivyosalimika, nikajumlisha na vilivyomwagika, nikapata kilo 46. Tangu siku hiyo sijapanga kitu chochote juu ya rafu nisiyojua imeshikwa na nini.

Nimeandika haya kwa sababu watu wengi tunahamia nyumba ambazo hazijaisha, na stoo na makabati ndiyo huachwa mwisho kabisa, yakipewa mabaki ya mbao na mabaki ya fedha. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Nilibishana na mafundi wiki nzima kuhusu rangi ya sebule, lakini rafu za stoo niliziagiza kwa simu, kwa sentensi moja, bila kutaja kipimo hata kimoja. Fundi alipima ukuta, akagawa nafasi kwa rafu nne zilizolingana, akapigilia. Hakuniuliza nitaweka nini, nami sikumwambia.

Safari hii nilianza na vitu vyenyewe. Nilitandika mkeka mkubwa sebuleni na kutoa kila kilichokuwa stoo, nikavipanga kwa makundi kufuatana na jinsi tunavyovitumia: vya kila siku, vya kila wiki, na vile vinavyongoja sikukuu au wageni. Kisha nilichukua futi na daftari la mtoto, nikaandika kimo na upana wa kila kundi. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko ina kimo cha karibu sentimita 40. Dumu la lita 5 linakaa vizuri penye sentimita 35. Makopo ya viungo, majani ya chai, chumvi na hamira hayazidi sentimita 15, na ndiyo mengi kuliko vyote, ilhali yalikuwa yamewekwa kwenye rafu yenye nafasi ya sentimita 45, hewa tupu juu yake, huku ndoo zikikosa pa kukaa na kusukumwa mlangoni. Rafu nne zilizolingana hazikuwa zimemfaa mkazi yeyote wa stoo ile.

Baada ya vitu nilipima mikono. Mama mkwe ndiye anayeingia stoo mara nyingi kuliko sisi sote, naye ni mfupi na bega lake la kulia linamuuma. Nilimwomba asimame ukutani, anyooshe mkono bila kujilazimisha, nikaweka alama ya penseli pale vidole vyake vilipofika bila maumivu. Alama ile ilikuwa sentimita 155 kutoka sakafuni. Nikaamua kwamba kila anachokigusa kwa siku, yaani mchele, maharage, sukari, nazi, chumvi na viungo, kitakaa kati ya kiuno chake na alama hiyo, na kwamba vitu vizito havitapanda juu ya kiuno kamwe. Vyombo vya karamu, sufuria za shughuli na chupa za akiba ndivyo vitakavyokwenda juu, kwa sababu hivyo hushushwa na kijana mwenye nguvu mara chache kwa mwaka.

Jambo ambalo sikulitegemea ni hewa. Njombe ni kwenye baridi, na mwezi wa Juni na Julai unaweza kuacha unga kwenye kiroba wiki nyingi bila kuona mabadiliko. Tanga ni pwani. Joto na unyevu vinafanya kazi pamoja usiku na mchana, chumvi inalowa ndani ya kopo, na fukusi huzaliana kwa kasi ambayo mtu wa nyanda za juu haijui. Nilikuja na mazoea ya kwetu ya kununua dona ya mwezi mzima, na ndani ya wiki tatu ikaanza kuwa na harufu ya kuchacha. Dona husagwa pamoja na kiini cha punje, na kiini kina mafuta ambayo huharibika mapema kwenye joto, tofauti na sembe iliyokobolewa. Siku hizi ninanunua dona kilo 5 tu kwa mara moja, na rafu yake nimeifanya ndogo makusudi ili nisishawishike kununua zaidi.

Kwa mahindi na maharage nilijifunza kuwa mkali zaidi. Mahindi yanapaswa kukauka hadi unyevu wake uwe karibu asilimia 13 kabla ya kuhifadhiwa, kwa sababu yakizidi hapo kuvu huota, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 familia za mikoa ya Dodoma na Manyara zilipoteza watu kwa sumukuvu, na mimi ninapokumbuka habari zile siwezi tena kuona gunia limeegemea ukuta wenye unyevunyevu nikanyamaza. Halafu kuna dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye hatosheki na punje. Anatoboa mbao pia, kwa hiyo rafu ya ubao laini yenye nyufa inaweza kuwa nyumba yake hata baada ya mahindi kwisha. Ndiyo sababu nafaka zetu zote sasa zinakaa ndani ya ndoo za kufunga barabara, na zile za akiba ndefu kwenye mifuko ya tabaka tatu ijulikanayo kama PICS, ambayo ina mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba kigumu nje. Ikifungwa vizuri, wadudu waliomo humaliza hewa yao wenyewe na kufa bila dawa. Lakini mfuko wa namna hiyo ukitobolewa na msumari au na panya kazi yake imekwisha, hivyo rafu ya chini lazima iwe na uso laini, usio na ncha wala kibanzi, na iinuliwe kutoka sakafuni.

Bibi yangu hakuwa na ndoo wala mifuko hiyo. Alikuwa na uchaga juu ya mafiga, miti iliyofungwa kwa kamba, na mahindi ya mbegu yaliyokuwa meusi kwa moshi. Ule uchaga ulijibu maswali yote yaliyonitesa mimi: ulikuwa juu ya panya, ulipitisha hewa chini na juu, na moshi ulifukuza wadudu. Nilipotaja rafu za mianya kwa fundi nilikuwa ninautaja uchaga ule.

Fundi niliyempata mara ya pili ana karakana ndogo barabara mbili kutoka kwetu. Nilimkuta akipiga randa, nikamsalimu, naye akaniambia, "Karibu dada, kaa kwanza, tuongee mbao kabla ya hela." Nilimheshimu papo hapo. Tulikuwa na uchaguzi kati ya msonobari, ambao huku husafirishwa kutoka nyanda za juu kwetu na bei yake ni nafuu, na mtiki, ambao una shamba kubwa la serikali hapa karibu, Longuza wilayani Muheza. Mtiki una mafuta yake ya asili, mchwa hawaupendi, na haupindi ovyo unyevu unapopanda na kushuka. Hata hivyo fundi alinionyesha kwa kidole sehemu nyeupe ya nje ya ubao na kuniambia kwamba hiyo mchwa wanaila kama mti mwingine wowote, kwa hiyo mtu anunuapo mtiki anunue ile sehemu ya kahawia ya kiini. Kwa kuwa bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya msonobari, tulikubaliana kutumia mtiki kwa rafu mbili za chini za stoo na kwa mihimili yote inayogusa ukuta, na msonobari mkavu kwa zilizobaki.

Hapo kwenye msonobari ninaomba msomaji asimame kidogo. Niliwahi kushauriwa na muuza mbao ninunue mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani hafifu, kwamba hazitaliwa na mchwa na nitakuwa nimemaliza. Kwa paa ni sawa. Kwa rafu ya chakula, hapana. Nyingi ya mbao hizo hushindiliwa dawa yenye shaba, kromu na aseniki, na aseniki ni sumu; mimi sitaki mkate wa mtoto wangu uguse ubao huo, na wala sitaki mtu yeyote apikie mabaki yake, kwa sababu sumu hiyo hubaki kwenye moshi na kwenye majivu. Nimeona kina mama wakiokota vipande vya kijani mbele ya nyumba zinazoezekwa wakavitia jikoni. Nilipowaeleza, walishtuka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewaambia. Kama una mafundi wa paa nyumbani wiki hii, tafadhali kusanya vipande hivyo mwenyewe.

Msonobari tulioununua haukuwa mkavu wa kutosha. Fundi aliupanga kwa tabaka, akaweka vibanzi kati ya ubao na ubao, akauacha kivulini wiki tano. Mimi nilikuwa na haraka, kwa sababu vyakula vilikuwa bado sebuleni juu ya mkeka, lakini nilipoona mbao mbili zilivyojikunja kama kigae wakati wa kukauka nilishukuru kwamba zilijikunjia karakanani.

Kuhusu kupinda kwa rafu, kuna hesabu ndogo ambayo ningependa kila anayejenga aifahamu, kwa sababu inaokoa fedha. Ukiufanya ubao uwe mnene mara mbili, unakuwa mgumu kupinda mara 8. Lakini ukipunguza umbali kati ya nguzo na nguzo faida ni kubwa zaidi: kwa mzigo uliotandazwa sawasawa, umbali ukipungua kwa nusu, kupinda hupungua mara 16, na ukifanywa theluthi moja hupungua mara 81. Ukuta wetu wa nyuma ni sentimita 180. Tuliongeza nguzo mbili tu za kusimama, za mbao za kawaida, zikagawa rafu kuwa vipande vitatu vya sentimita 60, na ubao uleule wa inchi 1 ambao ulikuwa umelegea kama machela sasa umenyooka, na pimamaji likiwekwa juu yake povu linatulia katikati. Hatukununua ubao mnene.

Mihimili ya ukutani ilifungwa pande tatu, nyuma na kushoto na kulia, kwa skrubu za inchi 3 zilizoingia kwenye plagi za plastiki za milimita 8, moja kila baada ya sentimita 40. Kabla ya kutoboa nilimwomba fundi tufanye hesabu ya msumari pamoja: inchi 3 ni sentimita 7.5, toa 2.5 za papi, toa 2 za lipu, zinabaki 3 ndani ya tofali. Alitabasamu, akaniambia hakuna mteja aliyewahi kumfanyia hesabu hiyo mezani. Nilipanda juu ya rafu ya pili nikakaa, mtu mzima wa kilo 68, naye akasimama pembeni akingoja. Haikulia hata kidogo.

Rafu ya chini kabisa iko sentimita 10 juu ya sakafu ili ufagio upite na ili njia ya mchwa, ule udongo wanaoupandisha ukutani, ionekane siku ya kwanza. Ya pili iko sentimita 65, hivyo ndoo inakaa na kifuniko kinafunguliwa bila kuiburuta. Kina cha zile mbili ni sentimita 40. Za juu yake ni 30, na ile ya viungo, mbele ya macho ya mama, ni 15 pekee, kopo moja nyuma ya ubao mwembamba wa kuzuia lisianguke. Kina kirefu ni adui wa stoo, kwa sababu kila kinachosukumwa nyuma husahaulika mpaka fukusi watukumbushe. Mafuta ya kung'arisha tuliyapaka wiki nzima kabla ya kupanga chakula, mlango ukiwa wazi, hadi harufu ikaisha. Mtungi wa gesi wa akiba, ambao ulikuwa umefichwa kwenye pembe ya stoo, tumeuhamishia nje kwenye kibanda chenye hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia chini, na stoo yetu haina tundu la chini la kuitolea.

Kabati la nguo la chumbani nilidhani lingekuwa rahisi, nalo lilinisumbua kwa namna nyingine. Ni la kujengwa ndani ya ukuta, lenye bomba moja la kutundikia, rafu moja juu, na milango ya kufunga kabisa. Masika yalipoingia, mkoba wangu wa ngozi ulivaa ukungu wa kijivu, na suti ya mume wangu ikapata madoa mgongoni. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma nikausikia baridi na unyevu. Upande wa pili wa ukuta ule ni bafu. Maji yalikuwa yakipenya kwenye viungo vya vigae vilivyokuwa havijazibwa vizuri, na kabla ya kugusa ubao wowote tulimwita fundi wa vigae azibe upya, tukauacha ukuta ukauke wiki tatu, kabati likiwa wazi na tupu. Rafu nzuri mbele ya ukuta unaolia ni fedha iliyotupwa.

Kisha rafu zote za kabati tulizitengeneza kwa papi zenye mwanya wa sentimita 2 kati ya moja na nyingine, zikaachana na ukuta wa nyuma kwa sentimita 5, na milango tukaitoboa matundu chini na juu ili hewa iingie na kutoka. Bomba tuligawa. Upande mmoja una mabomba mawili, moja juu ya jingine, kwa mashati na blauzi ambazo hazihitaji zaidi ya sentimita 100. Upande mwingine una bomba moja lenye nafasi ya sentimita 160 kwa magauni na kanzu, zisikunjike pindo. Kipande cha mkaa kwenye kikapu kinasaidia harufu, lakini kwa unyevu kilichosaidia ni mwanya na vigae.

Khanga ndizo zilizonipa raha kuliko yote. Mama mkwe ana doti nyingi, nyingine za harusi yake, nazo zilikuwa zimerundikwa juu hadi darini, ukivuta moja zinaanguka zote. Tulimjengea rafu sita fupi, kila moja ya kimo cha sentimita 22, ambazo haziruhusu mrundo wa zaidi ya doti saba au nane. Yeye mwenyewe ndiye aliyeonyesha namna ya kuzikunja: anaikunja khanga mara tatu kwa urefu, analaza pindo chini, halafu anaigeuza ili maandishi, lile jina la khanga, yaje mbele kwenye ukingo. Sasa akifungua mlango anasimama na kusoma, kutoka rafu hadi rafu, na kuchagua kwa maneno badala ya rangi kufuatana na shughuli anayokwenda. Jumamosi iliyopita nilimkuta amesimama hapo kwa muda mrefu, mkono ukiwa juu ya doti moja ya zamani iliyofifia, akanisomea jina lake kwa sauti na kunieleza ni nani aliyempa na kwa nini.

Nafasi ya chini kushoto katika stoo bado iko tupu. Ina upana wa sentimita 60, na ndoo mbili za lita 20 zinajipanga ndani yake nafasi ikibaki ya kupitisha kitambaa. Ndugu zangu wanavuna Njombe, na mahindi yatashuka kwa lori mwezi wa Agosti. Nimewaomba wayaanike siku mbili zaidi kabla ya kufunga magunia.